Kevin wa Upplands Väsby

Kevo, mdogo wangu,

Jumapili iliyopita wamembatiza mtoto kwa jina lako, na mtoto huyo si wangu.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikaa kooni. Salamu nyingine ungeweza kuzikisia mwenyewe. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Kaburi lako huko nyumbani limejengewa saruji, tukapanda maua kando yake, na mbuzi wa jirani wakayala. Shemeji yako Tom bado anaendesha basi, na mimi bado nahudumia wazee wa Kiswidi hapa Jakobsberg. Lakini hili la jina hungelikisia.

Mtoto ni wa Daudi na Neema. Ndiyo, Daudi wako, yule Mtanzania wa Songea uliyefanya naye kazi kwenye ghala kule Jordbro. Ukipata siku ya kupumzika ulikuwa unapanda treni kwenda kwao Upplands Väsby kula ugali, ilhali kutoka kwako Jordbro hadi kwangu ni treni moja tu, hubadilishi popote. Kwa Daudi ilibidi ubadilishe. Nilikuwa nikikukumbusha jambo hilo nawe unacheka: "Dada, kwako naenda kukaguliwa. Kwa Daudi naenda kula." Sikucheka wakati ule, na leo pia sicheki.

Ulituacha nikiwa na mimba, unajua. Mkunga alikuwa ameniuliza kama nataka kuambiwa ni wa kiume au wa kike, nikakataa. Tuliporudi kutoka kukuzika sikuona tena haja ya kuambiwa na mtu. Nilijua. Nilijisemea kwamba Mungu hawezi kuchukua Kevin kisha aniletee kitu kingine. Nikamwambia Tom, "Ataitwa Kevin Omondi, majina yote mawili, kama mjomba wake." Tom akasema sawa. Kwetu mtu akifa jina lake hutafutiwa mtoto wa kulibeba, na mtoto huyo hutoka ndani ya nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa nyumba yenyewe. Nani mwingine?

Siku ya kujifungua mkunga aliniinulia mtoto akaniambia kwa Kiswidi kwamba ni msichana. Nililia sana, na yule mkunga naye machozi yakamlengalenga, akidhani ni furaha.

Tulimpa jina la mamake Tom, Perpetua. Tunamwita Petu. Waswidi wakilisikia wanaliomba tena, polepole. Ni mtoto mzuri, Kevo, paji lake la uso ni lako kabisa, na nampenda, usije ukadhani simpendi. Lakini wiki zile za kwanza, nikimnyonyesha, nilijiona kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kitu kizuri ambacho hakutumwa.

Petu hajafikisha hata mwezi, Neema akajifungua mtoto wa kiume.

Walikuja kwangu wote wawili, na mtoto kwenye kikapu chake cha gari. Neema alisema "Shikamoo dada" akiwa bado mlangoni anakung'uta theluji viatuni. Nikawapa chai. Daudi alikizungusha kikombe chake kwa muda mrefu, halafu akasema, "Dada Akinyi, tumekuja na neno. Tungependa huyu kijana aitwe Kevin. Lakini hatuwezi kulichukua jina hilo bila kupita kwako."

Unaona walivyonifunga? Wangelichukua kimyakimya ningepata haki ya kukasirika. Wao wakaja na heshima zote, wakaketi kwenye kochi langu, wakaomba. Mtu aliyeombwa vizuri hivyo atakasirikaje?

Nikasema, "Jina si langu. Sweden hii imejaa akina Kevin. Chukueni."

Neema alitazama sakafu. Kisha, kana kwamba hakuisikia sauti yangu, akaniomba niwe mama wa ubatizo. Nikamjibu kwamba mwisho wa wiki huwa nina zamu. Zamu zenyewe zilikuwa hazijapangwa, na nadhani alijua, maana hata siku ya ubatizo hakuitaja.

Walipoondoka Tom alisema, "Wamekuja vizuri sana wale." Niliosha vikombe walivyonywea chai kwa hasira hata kimoja kikavunjika mkono.

Tangu siku hiyo nikawa kama mtu anayetafuta hati ya shamba. Nilitaka kitu cha kuwaonyesha kwamba jina hili lina wenyewe. Kazini nilimgusia Linnea, yule msichana wa zamu yangu uliyekuwa unasema anatembea kama anakimbizwa. Akacheka. "Kevin? Darasani kwetu kila aliyetolewa nje alikuwa Kevin." Akanieleza kwamba alipokuwa mdogo wazazi wa hapa walilipenda jina hilo kupita kiasi, wakilitoa kwenye filamu na kwa wachezaji wa mpira, hata wenye maisha yao wakaanza kulicheka kama jina la watoto wa fujo. Sasa, akasema, akina Kevin ni watu wazima wenye mikopo ya nyumba, na watoto wa chekechea wanaitwa Liam. Huyo Liam naye, nilikuja kujua baadaye, katoka Ireland kama Kevin.

Nilimkasirikia Linnea kwa niaba yako siku nzima. Nilikumbuka ulivyotusimulia kuhusu yule msimamizi wa ghala, aliyelisoma jina lako kwenye maombi ya kazi akadhani anamwita kijana wa Kiswidi wa Nynäshamn. Ulipotokea wewe na urefu wako wote akakuuliza jina lako halisi ni lipi. Ukamwambia, "Ni hilohilo." Kwa kuwa palikuwa na Kevin mwingine, wa Kiswidi, wakawaita Kevin Mrefu na Kevin Mfupi. Na kwetu je, hali haikuwa hiyohiyo? Rika lako lote lilikuwa na Kevin. Mtu akiita "Kevo" nje ya kibanda cha chipsi, nusu ya foleni inageuka. Nami nilikuwa nalilinda jina hilo kana kwamba lilifumwa kwa ajili yetu peke yetu.

Nikaenda maktaba ya hapa Jakobsberg, Petu kwenye kigari, nikaomba kitabu cha majina. Kumbe ni jina la kale mno, la Kiayalandi. Kwa lugha yao linaandikwa kwa herufi nyingi kuliko sauti zake, Caoimhín, na sikuthubutu kulitamka mbele ya mkutubi. Maana yake ni kama kusema mwenye kuzaliwa kwa upole, au mpendwa tangu kuzaliwa. Palikuwa na mtawa wa zamani sana aliyeitwa hivyo, aliyewakimbia watu akaenda kukaa bondeni kando ya ziwa. Watu wakamfuata hukohuko, na baadaye wakamfanya mtakatifu. Jina lilikaa Ireland karne nyingi bila kutoka. Ni juzijuzi tu, katika karne iliyopita, ndipo lilipovuka kwenda Uingereza na Marekani, na kutoka huko likatapakaa.

Kuzaliwa kwa upole. Wewe? Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, nimekaa kwenye nyasi nje ya wodi ya hospitali ya misheni, nikimsikia Mama. Hapakuwa na upole wowote.

Jioni hiyo nilimpigia Mama. Nitakuambia ukweli: nilimpigia ili akataze. Mimi nisingeweza kuwakatalia watu walioomba kwa adabu, lakini neno la Mama nani angelipinga? Nilimweleza habari za Daudi na Neema, nikiziweka vibaya kidogo, nikangoja aseme jina la marehemu halitoki nje ya boma.

Mama akauliza, "Mtoto ananyonya vizuri? Hawana picha?"

Hakuwa amemuulizia Petu hata kidogo. Nilimkumbusha kwamba Petu hajambo pia. Akasema, "Petu namwona kila Jumapili kwenye simu. Nitumie ya huyo."

Nikamuuliza basi, kwa hasira tu, sisi tulilipata wapi jina hilo. Maisha yangu yote nilidhani yule sista Mwayalandi aliyekuzalisha ndiye aliyekubandika, kama walivyowabandika watoto wengi majina ya watakatifu wao. Mama akasema hapana. Nikasikia anaketi.

Alisema uchungu ulianza jioni na wewe ukakataa kugeuka. Sista alikaa naye muda wote, akimpa mkono aukamue. Alfajiri ukatoka, ndiyo maana wewe ni Omondi. Mama alipopata nguvu ya kusema alimuuliza yule sista, "Wewe una watoto?" Sista akacheka. Mama akauliza, "Una nani basi?" Akajibu kwamba ana mdogo wake wa kiume huko kwao, ndiye aliyemlea kwa mikono yake, na hajamwona tangu aje Afrika. Anaitwa Kevin. Mama akamwambia, "Basi huyu naye ni Kevin, ili uwe na wa kumwita."

Mama anasema sista alitoka nje, akarudi baadaye macho yakiwa mekundu. Na kila ulipopelekwa kliniki alikuwa anaacha kazi yake anakuja hadi langoni akiita, "Kevin, Kevin." Kisha akahamishwa, wasionane tena. "Sijui kama yule mdogo wake alipata kuambiwa," Mama akasema. "Omondi ni jina la saa. Kevin ni jina la mtu."

Ulikuwa unaijua hadithi hii? Kama uliijua ukaninyima, nitakudai siku tukionana.

Nilibaki nimeshika simu. Natamani kukuandikia kwamba moyo ulitulia. Haukutulia. Nilimwonea wivu hata yule sista, mwanamke ambaye huenda ameshafariki. Alimkosa ndugu yake, na mgeni kabisa, hata damu haijamkauka, akampa mtoto wa kumwita. Mimi nililetewa mtoto hadi kwenye kochi langu, nikasema nina zamu.

Kwa hiyo nilimpigia Neema. Nilimwambia kwamba zamu zimebadilika, naweza kusimamia ubatizo kama bado anahitaji mtu. Halafu, kwa ile sauti yake ya Kitanzania inayokupangusa vumbi huku inakukatalia, akasema, "Dada, samahani sana. Tumeshamwomba Mama Solange, na amekubali."

Unamkumbuka Mama Solange, Mkongomani wa Bukavu, anayeongoza kwaya yetu kanisani. Anavaa vitenge vya kujaza mlango na kila mtu anampenda. Nilikuwa nampenda pia. Kuanzia dakika ile nikaanza kuona jinsi anavyocheka kwa sauti mno, na anavyoshika watoto wa watu bila kuuliza. Kiti nilikikataa mwenyewe, kisha nikamchukia aliyekikalia.

Siku ya ubatizo nilikwenda. Tom alinilazimisha. Tuliketi benchi la tatu, Petu amelala kifuani mwangu. Mama Solange akasimama mbele amembeba mtoto kama zawadi aliyoishona mwenyewe. Padri ni Mswidi, mzee mpole anayesikia kwa sikio moja. Akauliza mtoto apewe jina gani. Daudi alikuwa na makamasi ya kilio, hakuweza kusema. Neema akafungua mdomo, lakini Mama Solange akamtangulia, akalitoa kwa Kifaransa chake, akilivuta mwisho: "Keviine."

Padri akainama. "Kelvin?"

Mama Solange akatikisa kichwa, akarudia vilevile. Padri akasema tena, "Kelvin," na akainyoosha mikono kuanza.

Sikupanga, Kevo. Nilijikuta nimesimama na Petu kifuani. "Kevin," nikasema. "Ni Kevin."

Kanisa zima liligeuka. Ndipo nilipotambua kwamba tangu kaburini sikuwa nimemwita mtu kwa jina lako, hata wewe mwenyewe. Kwa watu nilisema marehemu, nilisema ndugu yangu. Nilikuwa nimelibana ndani kama hela ya dharura, na sasa limenitoka mbele ya watu, kwa ajili ya mtoto wa mwingine. Upendo, binti yao mkubwa, ambaye humjibu Neema kwa Kiswidi hata akiulizwa kwa Kiswahili, alimgeukia mtoto aliyekaa karibu naye akasema, "Han heter Kevin," yaani anaitwa Kevin, kama mtu anayefunga mjadala. Padri akanitazama, akatabasamu, akasema "Kevin" sawasawa, na kumwagia maji. Mtoto hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na Petu akaamka akalia nami.

Baadaye tulikula pilau ukumbini. Mama Solange alikuja hadi nilipokaa, akanishika bega. "Aksanti, dada yangu. Mi ningelipoteza jina ya mtoto mbele ya Mungu." Ni vigumu kumchukia mtu kama huyo. Nilijitahidi kidogo, nikachoka.

Sasa kuna jambo jingine, na hili ndilo zito. Si jina lililoanza huu wivu wangu. Ni asubuhi ile. Nilikuwa nimekaa nawe siku tatu hospitalini, nikaenda nyumbani kuoga na kubadilisha nguo, na wewe ukachagua saa hiyo. Nilipofika Daudi alikuwa ameushika mkono wako, na ulikuwa umeshakwenda. Tangu siku hiyo sikumwangalia Daudi vizuri. Nilimwonea wivu wa kitu ambacho hakuna mtu anayepaswa kukionea wivu. Sikumuuliza kama ulisema neno, kwa sababu kama ulilisema, ulimwambia yeye.

Pale ukumbini alikuja na sahani mbili, akaniwekea moja, akaketi. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamuuliza.

Akasema, "Aliamka kidogo. Akauliza, 'Akinyi amefika wapi?' Nikamwambia uko kwenye treni. Akatulia. Akauliza tena, 'Amefika wapi sasa?' Sikujua, dada, nikataja tu kituo. Nikasema Sundbyberg. Akasema, 'Basi yuko karibu.' Akafumba macho."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia muda wote huo.

"Nilikuja mara nyingi nikuambie. Kila nikikaribia ulikuwa unaondoka."

Ni kweli. Nilikuwa naondoka.

Sijui dakika ile nilikuwa wapi hasa, Kevo. Huenda nilikuwa bado nyumbani natafuta soksi. Lakini Daudi alikudanganya vizuri, na kwa uongo ule nitamshukuru maisha yangu yote, ingawa bado natamani ningekuwa mimi niliyeshika mkono.

Tukiwa tunakusanya sahani, Neema akasema kwamba anarudi darasani kumalizia masomo yake ya uuguzi. Siku nyingine wamezipanga, lakini Alhamisi jioni Daudi anakuwa ghalani, na hawajapata mtu wa kukaa na watoto. Alikuwa anaongea tu, hakuwa anamwomba mtu. Nikamwona Mama Solange anafuta midomo yake na leso, anavuta pumzi ya kujibu.

"Mimi," nikasema.

Neema alinitazama. "Dada, na zamu zako?"

"Zamu za Alhamisi nitazibadilisha."

Safari hii nilifanya kweli. Keshokutwa ndiyo Alhamisi ya kwanza. Nitampandisha Petu treni, tubadilishe Odenplan, twende hadi kwao. Nitawalaza yeye na kichanga chao kwenye mkeka mmoja niwatazame. Usidhani nimepona. Jana Neema alinitumia picha ya mtoto amevaa kofia uliyokuwa umemwachia Daudi, ile ya kijani, na kwanza nilitaka kuuliza kwa nini kofia ile ilikwenda kwao. Sikuuliza. Lakini nilitaka.

Lala sasa, mdogo wangu, mwana wa alfajiri. Kwa Mama nitaendelea kwenda kila nikipata likizo, na mbuzi wale nitawashughulikia. Petu nitamfundisha kwamba ana mjomba. Na huyu kijana wa Väsby nakuahidi kwamba nitamwita jina lake lote, kwa sauti, hata siku nitakayokuwa silitaki. Akianza tu kuelewa maneno nitamweleza alipewa jina la nani, ulivyokuwa mrefu, ulivyocheka, ulivyokula. Nitamwambia kila kitu, Kevo, na nitahakikisha namwambia kabla ya Daudi.

Dada yako,
Akinyi